Aliyeulizwa Mara Moja

Teo Barragán aliruka kutoka paa la jengo la ghorofa tano, akakosa katikati ya maboksi yaliyotandikwa chini kumpokea, akavunjika mgongo. Aliyempandisha juu ya paa lile ni baba mkwe wake, Dell Kinsolving. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna kamba iliyokatika wala mashine iliyogoma. Kilichokosekana ni swali moja, na mtu wa kuliuliza alikuwepo palepale chini, amefunga mdomo.

Yote yalianza na kicheko.

Ilikuwa mwezi wa nne, kwenye jumba la sinema la Burbank. Studio ilikuwa inaijaribu picha yake ya kiangazi. Ndivyo wanavyofanya pale mjini: kabla picha haijatoka, wanaokota watu madukani, wanawapa tiketi za bure, wanawaketisha, na taa zikiwaka wanawagawia kadi waandike walichopenda na kilichowachosha. Mtu aliyetoka nyumbani kwenda kununua soksi anaweza kuigeuza picha iliyowatoa jasho watu elfu moja.

Dell alikaa safu ya nyuma kabisa pamoja na Prescott Lum, mtu wa studio aliyekabidhiwa picha ile. Dell alikuwa mkuu wa watu wa kuanguka, yaani wale wanaogongwa na magari, wanaowashwa moto, wanaorushwa madirishani badala ya waigizaji wenye sura za bei mbaya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, magoti yote mawili ya bandia, na bega lililokuwa likimtabiria mvua kuliko redio.

Picha ilikwenda vizuri. Watu walipiga kelele pale pa kupiga kelele, wakanyamaza pale pa kunyamaza. Halafu adui akamrusha steringi kutoka paani. Ule mwanguko ulikuwa umechorwa na kompyuta. Mwili ukaelea hewani, ukapinda, ukashuka kama suruali iliyong'olewa na upepo kwenye kamba ya nguo. Mtu mmoja mbele akacheka. Wa pili akadakia. Mara ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Wanacheka," Lum akanong'ona.

"Nawasikia."

"Hapo ndipo wanapotakiwa kulia, Dell."

"Masikio ninayo, bwana. Nawasikia."

Kesho yake Lum alimwita ofisini. Kadi zilikuwa zimeshasomwa. Lum hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakulala. Alisukuma kahawa upande wa Dell na kuanza kulalamika kama mkulima anayelalamikia mvua.

"Watazamaji kwangu ni mafungu manne," alisema. "Wanaume vijana, wanaume wazima, wanawake vijana, wanawake wazima. Vijana wa kiume wakicheka sijali, hao hucheka hata msibani. Lakini jana wamecheka mafungu yote manne. Hata mabibi! Kama ingekuwa picha ya kutisha ningewauzia vijana peke yao, mambo yakaisha. Kama ingekuwa ya mapenzi, hasara yake ningeimeza bila maji. Hii ni ya mapigano, Dell. Hii ndiyo inayolisha studio. Lazima baba aje, mama aje, watoto waje, na bibi abebwe."

"Na bibi kacheka."

"Bibi kacheka. Sasa wale jamaa wa kompyuta wanasema wataurudia ule mwanguko. Wanataka wiki mbili."

Hapo Dell angeweza kusema sawa, akanywa kahawa yake akaondoka. Wala asingelaumiwa na mtu. Badala yake alisema, "Watakurudishia kichekesho kilekile kikiwa na rangi nzuri zaidi."

"Unasemaje?"

"Nasema nipe jengo na asubuhi moja. Mtu akianguka kweli, watu wanajua. Huhitaji kuwaambia. Mwili unaujua mwili mwenzake."

Aliyaamini maneno yale. Lakini nyuma yake palikuwa na jambo jingine. Mwaka ule simu yake ilikuwa imekauka. Watu wake, waliokuwa wakiruka treni na kupindua malori, sasa walikuwa wakisambaza vifurushi na kusafisha mabwawa ya kuogelea ya watu. Kila mwanguko ulikwenda kwa kompyuta. Dell alipiga hesabu: mwanguko mmoja wa kweli, kwenye picha itakayotazamwa na dunia nzima, utainyamazisha ile mashine mbele ya studio zote. Simu italia tena.

Lum alimtazama sana. "Utampandisha nani?"

"Teo."

"Mkweo?"

"Kama ungekuwa na farasi mmoja anayejua mbio, ungempanda nani?"

Lum akacheka kidogo, akaandika jambo kwenye karatasi yake, na kazi ikawa ya Dell.

Jumapili iliyofuata Dell alikwenda kula asubuhi kwa binti yake, Shelby, kule Sylmar. Shelby alikuwa amekulia kwenye maboksi. Akiwa mdogo aliruka kutoka paa la gereji mpaka mama yake akachoka kupiga kelele. Alipokua akasema hataki kuolewa na mtu wa kuanguka, kisha akaolewa na Teo, aliyekuwa bora kuliko wote. Teo alikuwa mtoto wa Pacoima, mwembamba, mcheshi, na alikuwa na kipaji ambacho Dell hakukiona kwa mtu mwingine: akiwa hewani, hakuwa na haraka.

Teo alikuwa ndani akikaanga mayai na vipande vya chapati za mahindi kwa pilipili, anaimba vibaya kwa makusudi ili binti yake, Paloma, azibe masikio. Shelby akamvuta baba yake nje, karibu na mapipa ya taka.

"Baba, Teo haoni vizuri."

"Haoni vipi?"

"Mwezi uliopita, kwenye lile tangazo la magari kule jangwani, kichwa kiligonga mlango. Aliwaambia yuko sawa. Na mimi ananiambia yuko sawa. Juzi kamimina juisi juu ya meza, glasi iko hapa, yeye anamimina hapa." Akaonyesha kwa mikono. "Paloma akacheka, akadhani baba anamchezea. Mimi sikucheka."

"Kaenda kwa daktari?"

"Anasema kaenda. Unamjua. Ungemkuta hana kichwa angekwambia ni upepo tu."

Dell akarudishia kifuniko cha pipa moja.

"Muulize wewe," Shelby akasema. "Mimi ni mkewe, ananificha ili nilale. Wewe hawezi kukudanganya usoni. Muulize kabla hajapanda popote."

"Nitamuuliza."

"Niahidi."

"Si nimeshasema nitamuuliza, mama?"

Mlango ukafunguka. Teo akatoa kichwa, mwiko mkononi. "Mzee, unanisengenya na mke wangu kwenye mapipa ya taka? Hata heshima ya kunisengenyea sebuleni hamna?"

"Tunazungumzia tumbo lako," Dell akasema. "Maboksi yametuma ujumbe. Yanaomba huruma."

"Yaambie tunakuja wote, tumbo na mimi. Ingieni, mayai hayasubiri wazee."

Wakala. Teo alimimina kahawa, na kahawa ikaingia kwenye vikombe. Dell akaiona, roho yake ikatulia kuliko ilivyostahili kutulia. Angeweza kumvuta pembeni siku ileile. Lakini Teo alikuwa na furaha, alikuwa ameshamwambia Paloma kwamba baba ataruka kwenye picha kubwa na bango lake litakuwa kila kituo cha basi, ingawa sura itakuwa ya mtu mwingine. Dell akajiambia, ataulizwa siku yake.

Na hapa lazima desturi yao ijulikane, maana bila hiyo mtu atadhani Dell alikuwa mjinga tu.

Watu wa kuanguka wana mambo mawili wanayoyashika kuliko dini. La kwanza: anayeruka hutandika kitanda chake mwenyewe. Kama uchochoro ni mwembamba na mto mkubwa wa hewa hauingii, wanatumia maboksi ya karatasi, matupu, yamepangwa tabaka juu ya tabaka, yamefungwa kamba kuzunguka kama kuni, na magodoro membamba juu yake. Mwili ukifika, maboksi yanapasuka moja baada ya jingine na kuutoa ule mwendo kidogo kidogo. Katikati unabandikwa msalaba wa gundi ya utepe. Hapo ndipo mgongo unapotakiwa kufikia. Kila boksi analikunja na kulibandika yeye atakayelilalia.

La pili: mkuu anamwuliza anayeruka swali moja. "Uko?" Naye anajibu, "Niko." Basi. Haliulizwi tena. Kuuliza mara mbili ni kumwambia mtu mbele ya wenzake kwamba umeiona maiti yake. Zamani, Dell akiwa kijana, alimshuhudia mtu akiulizwa mara mbili juu ya mnara wa maji. Yule bwana alishuka kwa ngazi, akavaa koti lake, na hakuna aliyempa kazi tena mpaka akazeeka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Watu wa kuanguka hawakuwahi kukaa meza moja na wahenga hao.

Asubuhi ya kazi, mtaa ulikuwa umefungwa katikati ya mji, jua ndiyo kwanza linachungulia kati ya majengo. Jengo lilikuwa hoteli ya zamani yenye ngazi za chuma ubavuni. Maboksi yalijaa uchochoroni. Gus Ferrante, mtu wa kamba, aliyefanya kazi na Dell tangu wote wawili wakiwa na nywele, alikuwa anavuta mafundo na kumchokoza Teo.

"Barragán! Godoro hili la mke na mume au la mtu mmoja?"

"La mtu mmoja, Gus. Wewe lala chini kama kawaida yako."

"Nakuuliza kwa sababu unakunja boksi kama unafunga zawadi ya Krismasi. Fanya haraka, jua halitusubiri."

Wenzao wakacheka. Prescott Lum alikuwepo, amesimama karibu na kamera na koti lake zuri, mikono kwapani. Alikuwa amekuja na watu wengine wawili wa studio. Dell aliwaona wakimtazama Teo kama watu wanavyomtazama mganga aliyesifiwa, wanataka aweze na wanataka ashindwe.

Dell akapita kando ya maboksi kukagua. Teo alikuwa amepiga magoti, anabandika boksi la mwisho. Alivuta gundi ya utepe, akainyoosha, akaibandika. Haikushika kwenye mkunjo. Ilikaa pembeni, upana wa vidole vitatu. Teo akaipapasa kwa kidole, akagundua, akaibandua, akabandika nyingine. Nayo ikakaa pembeni. Mara ya tatu aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayemtazama mwewe, jicho moja limefumbwa. Hapo ikashika.

Dell aliiona ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Teo akainua uso, wakatazamana.

"Gundi zao za siku hizi," Teo akasema, "hata hazijui kazi."

Hapo ndipo Dell alipouliza. Alitakiwa kumwuliza pembeni, wawili tu, kama baba na mwana. Lakini alikuwa ameiahirisha mpaka siku ikawa na watu ndani yake. Akauliza palepale, mbele ya Gus, mbele ya wenzao, mbele ya Lum, kwa sauti ileile ya siku zote.

"Uko?"

Teo akavuta pumzi. Haikuwa pumzi ndefu. Mtu asiyemjua asingeiona.

"Niko."

Na swali la pili likaja mpaka kwenye meno ya Dell. Alilisikia likigonga. Akamfikiria Shelby kwenye mapipa ya taka. Akamfikiria yule bwana wa mnara wa maji anavyovaa koti lake. Akaona Lum anatazama saa. Akafikiria kwamba mkwe wake akishushwa leo mbele ya studio, hatapandishwa kokote tena, na jioni wale jamaa wa kompyuta watapigiwa simu. Kisha akajiambia kwamba ahadi aliyompa binti yake ilikuwa kumwuliza, na amemwuliza.

Akampiga Teo begani. "Panda."

Teo akapanda kwa ngazi za chuma, amevaa nguo za steringi. Juu ya paa alionekana mdogo. Alisogea ukingoni, akatazama chini kwenye msalaba. Kichwa chake kikainama upande tena. Gus, aliyekuwa karibu na Dell, akaacha kutafuna.

"Dell," akasema polepole.

"Nini?"

"Hamna kitu."

Mwongozaji akapaza sauti. Kamera zikaanza. Teo akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja, akaruka.

Alianguka vizuri. Hilo ndilo linalouma. Aligeuka hewani bila haraka, mikono imefunguka, uso umelitazama jua, kama mtu anayejilaza baada ya kazi. Watu wa kamera, walioona mengi, waliachia sauti. Dell mwenyewe kwa nusu ya ile safari alifurahi.

Kisha akaona anakwenda kushoto.

Mgongo ulifikia ukingo wa maboksi, mahali ambapo kamba inapita na magodoro yanaishia. Tabaka za upande ule zikateleza badala ya kupasuka, zikamwaga mwili kwenye lami kama gunia linaloshushwa na kuli mlevi. Mlio wake haukuwa mkubwa.

Mtu akianguka, wenzake husubiri kidole gumba. Hawamkimbilii. Analala palepale, anavuta pumzi, anainua gumba, ndipo watu wanashangilia. Basi wote wakasimama wakasubiri. Watu wa studio wakaanza kupiga makofi, wakaona hakuna mwenzao, wakaacha.

Gumba halikuja.

"Mzee," Teo akasema kutoka chini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimtisha Dell kuliko damu. "Mzee, miguu yangu iko wapi?"

Shelby alifika hospitali kabla ya saa sita, bado amevaa nguo za kazini za kliniki ya meno. Hakulia. Alikaa kiti cha mbele ya Dell, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

Alikuwa mtoto wa nyumba ile. Alizijua sheria zao kabla hajajua kusoma.

"Mara ngapi, baba?"

Dell akatazama mikono yake.

"Nimekuuliza mara ngapi. Unaona? Mimi nauliza mara mbili. Sijafa."

"Moja," Dell akasema.

Shelby akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya barabara. Kisha akainuka akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mashine ya soda, na Dell alipomfuata akanyoosha mkono bila kumtazama, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari.

Teo alizungumza na Dell baada ya upasuaji. Walimruhusu Dell kuingia kwa sababu Teo mwenyewe aliomba. Alikuwa amelazwa chali, uso umevimba, lakini macho yalikuwa yake.

"Niliona misalaba miwili, mzee," akasema. "Huwa nafumba jicho moja, unabaki mmoja. Lakini hewani macho yalifunguka yote. Nikaona miwili. Nikachagua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya watu."

"Kama ningekuuliza tena?"

Teo akafikiria. Alilifikiria kwa haki, kama mtu anayepima kimo cha ukuta. "Ningekutukana," akasema. "Ningekutukana matusi ya nguoni mbele ya wale wa studio. Halafu ningekwambia."

Dell akasimama pale ameshika chuma cha kitanda.

"Nenda kamtazame Paloma," Teo akasema. "Usimwambie kitu. Mtazame tu." Lakini Shelby hakumruhusu.

Studio ilifanya yanayofanywa. Walikuja watu wa serikali wakapima uchochoro, walikuja mawakili wakauliza maswali mengi, kila moja mara nyingi. Gus aliulizwa kama aliona dalili yoyote. Akasema hakuona. Walipotoka nje akamshika Dell mkono karibu na gari.

"Na mimi niliiona ile gundi," akasema. "Nilitaka kusema. Nikasema hamna kitu."

"Nilikusikia."

"Basi tusionane kwa muda, Dell. Nikikutazama naiona."

Lum alipiga simu mara moja. Alisema maneno mazuri, na Dell aliamini kwamba aliyasema kwa moyo. Mwishoni akakohoa na kusema kwamba ile picha iliyopigwa asubuhi ile haiwezi kutumika, si adabu kuitumia, kwa hiyo wale jamaa wa kompyuta wameshaanza. Wanataka wiki mbili.

"Sawa," Dell akasema. Ndilo neno ambalo angeweza kulisema ofisini mwanzoni.

Picha ilitoka mwezi wa saba. Ikashika namba moja wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mabango yakajaa vituo vya basi. Dell hakutaka kuitazama, kisha siku moja mchana wa jua kali akajikuta kwenye foleni ya jumba lilelile la Burbank, ananunua tiketi kama mtu mwingine. Akakaa katikati safari hii. Kushoto kwake alikaa mwanamume mnene na mwanawe, wana ndoo ya bisi kati yao. Ukumbi ulikuwa umejaa. Palikuwa na wavulana, palikuwa na akina mama, palikuwa hata na bibi kwenye kiti cha magurudumu ambaye wajukuu walimweka njiani. Dell akayatazama sana magurudumu ya kile kiti.

Steringi akapanda paani. Adui akamrusha.

Mwili ukaanguka. Haukuelea. Ulikuwa na uzito, uligeuka bila haraka, mikono imefunguka, uso kwenye jua. Jamaa wa kompyuta walikuwa wameitazama ile picha ya asubuhi ile, bila shaka waliitazama tena na tena, wakachukua kila kitu isipokuwa ule mwelekeo wa kushoto. Hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Bibi akashika mdomo.

Mwanamume mnene akamwinamia mwanawe.

"Umeona?" akasema. "Hiyo hawakutumia kompyuta. Hiyo ni ya kweli. Mtu akianguka kweli unajua tu."

"Na hakuumia?" mtoto akauliza.

"Wale? Wale wamezoea. Kula bisi."

Dell alikaa mpaka majina yakaisha kupita. Jina la Teo lilipita kati ya majina mengine, dogo, haraka. Watu walikuwa wameshaondoka, mfagiaji ameshaanza safu za mbele.

Gharama ya swali lisiloulizwa ni hii. Teo Barragán: miguu yote miwili, na kila kitu kuanzia kifuani kwenda chini, na kazi pekee aliyoijua. Shelby: nyumba ya Sylmar, iliyokuwa na ngazi nyingi mno kwa kiti cha magurudumu, sasa wako Fresno kwa mama yake Teo, na yeye ndiye anayemgeuza mumewe kitandani usiku. Paloma: hapandi kitu chochote, hata bembea. Gus Ferrante: rafiki mmoja. Watu wa Dell: kazi, hakuna studio iliyowapigia simu, maana hawakuwa na la kuwapigia, kompyuta imeshaweza. Dell Kinsolving: binti, mkwe, mjukuu, na maboksi ya uani kwake ambayo aliyakanyaga yote yakawa bapa, akayapeleka kwa wanunuzi wa karatasi chakavu.

Mwanguko wenyewe, kwenye picha, unachukua sekunde tatu. Teo hayumo.